Kadi Iliyotoka Hembua

Elisante Mgonja hakupiga hodi. Aliingia katika nyumba ya mashine na udongo wa shambani ukiwa bado umemganda miguuni, akamwaga juu ya meza ya Nakijwa Mshana konzi mbili za tangawizi iliyosinyaa, nyembamba kama vidole vya mtu aliyeugua muda mrefu.

“Mavuno hayo, shangazi,” alisema. “Ya nusu ekari. Yapokee.”

Nakijwa aliweka bisibisi chini, akavua miwani. “Siku hizi watu wa nyumba ya Mgonja hawaamkii wakubwa?”

“Shikamoo.”

“Marahaba. Sasa sema.”

“Nimekwisha kusema. Tazama meza yako.” Elisante alipangusa jasho kwa kiganja. “Baba yangu alimwagilia Alhamisi kutwa, tangu kupambazuka hadi kuchwa. Babu yangu vivyo hivyo. Mwaka juzi Msikizi wako akatangaza kwamba asubuhi ya Alhamisi si yangu tena, ni ya akina Msuya, kwa agano. Nikanyamaza. Nikajiambia, labda baba alisema neno nami sikuwapo. Nitamfanyaje baba mwongo akiwa kaburini? Msimu wa kwanza nikanyamaza. Wa pili nikanyamaza. Sasa hata mbegu imekufa. Mbegu, shangazi! Mwakani nitapanda nini, mawe?”

“Nitauliza.”

“Uliza sasa, nisikie.”

“Msikizi huulizwa na mtunzaji peke yake, wajua hivyo. Nenda nyumbani. Nitakuita.”

Alikwenda. Tangawizi aliiacha pale pale.

Nakijwa alifunga mlango, akageukia sanduku la chuma la kijivu lililosimama ukutani, refu kama kabati la vyombo. Alikuwa ameitunza mashine hiyo kwa miaka thelathini na mitatu. Tangu mvua za vuli zilipoacha kuaminika, na ndugu wawili wakauana kwa majembe penye mlango wa maji, hakuna mkono wa mtu uliopata tena kugusa milango ya ndiva ya Ivuga, lambo lile la mawe ambalo mababu walilijenga kukusanyia maji ya mlimani. Msikizi ndiye aliyefungua na kufunga. Msikizi ndiye aliyejua zamu ya nani imeingia na ya nani imekwisha.

Naye alijua kwa kusikia tu. Mtu wa Ivuga aliyetaka kumpa jirani sehemu ya maji yake alisimama ukingoni mwa ndiva mbele ya mashahidi, akalisema jambo lake kwa sauti, na Msikizi akalishika. Hapakuandikwa kitu. Kumwomba mtu karatasi baada ya kauli yake kulikuwa sawa na kumwita mwongo mbele ya wanawe, na zipo nyumba zilizokatana salamu miaka kumi kwa tusi hilo.

“Msikizi,” alisema, “nieleze agano la Alhamisi asubuhi.”

“Mwenye Alhamisi aliipa nyumba ya Msuya maji ya asubuhi, tangu kupambazuka hadi adhuhuri,” mashine ilijibu kwa sauti yake tulivu isiyo na umri, “kwa kuwa Msuya alimsaidia kuuchimbua mfereji ulioporomoka. Agano ni la vizazi viwili.”

“Lilifungwaje?”

“Mbele ya watu kumi na mmoja. Baragumu lilipigwa mara tatu, nao wakatawanyika.”

Nakijwa aliketi.

Baragumu halikupata kupigwa penye ndiva ya Ivuga. Ilikuwa mwiko tangu enzi za mababu. Ivuga waligonga jembe kwa jiwe. Baragumu lilikuwa la Hembua, kijiji cha upande wa pili wa kilima, ambacho chemchemi yake ilikauka na watu wake wakatawanyika. Akina Msuya walikuwako Hembua pia, kama walivyo katika kila bonde la milima ile.

Na mwaka juzi, mwezi wa nane, Nakijwa alikuwa amekwenda Hembua kwa miguu na mfuko wa turubai begani.

Alikwenda kufuata kadi ya kumbukumbu. Msikizi alikuwa na kadi kumi na mbili, na ya saba ilikuwa imekufa. Kadi za namna ile zilikuwa zimeacha kutengenezwa miaka kumi na tisa nyuma. Katika nyumba ya mashine ya Hembua, iliyobaki wazi kwa popo, ilisimama mashine ndugu yake, imekufa lakini kadi zake zingali nzima. Aling'oa moja. Aliisafisha mara tatu kama kitabu cha mafundi kinavyoagiza, akaipachika, na Msikizi akaamka. Siku ile alijisikia fundi hodari. Alikuwa amesomea ufundi katika shule ya misheni, ambako misumari iliyokwisha kutumika ilinyooshwa kwa nyundo na kupigiliwa tena, na mwanafunzi aliyetupa kitu chenye faida alikosa chakula cha jioni. Fundisho hilo lilikuwa limemwingia mifupani. Hakuwa amemwambia mtu habari ya kadi. Hapakuwa na sababu, alidhani. Mtu hamtangazii jirani kila msumari alioupigilia.

Lakini kadi zile hazikuwa kama daftari, ambalo ukifuta mstari mstari umefutika. Sheria ilizikataza mashine kuhifadhi sauti za watu. Kwa hiyo Msikizi hakuweka sauti, aliweka maana tu, imesukwa katika kadi zote kumi na mbili kama ukili katika mkeka. Ukiisafisha kadi, unaondoa njia ya kuifikia maana. Maana yenyewe hubaki humo, bila jina na bila mahali. Na Msikizi, alipokuta katika akili yake pengo penye Alhamisi, akaokota kilichofanana nalo akaliziba. Hakuwa amedanganya. Alikuwa amekumbuka jambo la kweli la watu wengine.

*

Mhandisi Seuri wa ofisi ya maji ya mkoa alifika Jumatatu na guta la umeme lililobeba sanduku la mbao. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, mwenye adabu na mwenye haraka. Ndani ya sanduku ilikuwamo mashine ndogo nyeusi, isiyozidi ukubwa wa Biblia ya mimbarini. Vijiji vya bondeni vilivyokwisha kuipata viliiita Karani, kwa kuwa haikusikiliza mtu. Ilisoma karatasi zenye sahihi na alama ya kidole, basi.

“Mama, safari hii sikuja kubembeleza,” alisema baada ya kuamkia. “Mwisho wa mwezi milango ya ndiva zote itaacha kuzitii mashine za kale. Ukitaka, ukikataa, itaacha. Nimekuja kuhamisha maagano yenu tu.”

“Yatahamishwa yote?”

“Yote, kwa siku moja. Na yakishahamishwa kwa hati safi hayahojiwi tena, hata mahakamani.” Alifungua mkoba, akatoa karatasi. “Hati yenyewe hii. Mtunzaji anatia sahihi kwamba mashine yake haijapata kuwekewa kiungo chochote kilichotumika katika mashine nyingine.”

Nakijwa aliisoma mara mbili, ingawa ilikuwa na mistari minne.

“Na kama imewekewa?”

Seuri aliinua macho, akayashusha upesi. “Basi kumbukumbu yake haipokelewi. Hata neno moja. Tunaanza na zamu za asili za kila nyumba na yale yaliyoandikwa.” Alikohoa. “Ivuga mnayo maandishi mangapi?”

“Sita.”

“Kati ya?”

“Mia tatu na kumi na mawili.”

Kijana alipiga mluzi mdogo, kisha akaomba radhi kwa mluzi. “Mama, mimi sijauliza kitu. Shuhudia mwenyewe, sijauliza. Nimesoma tu masharti.”

“Nimeshuhudia.”

“Kwenye faili ya Ivuga kuna barua ya aliyenitangulia. Ya miaka minane iliyopita. Aliwaletea Karani wa kwanza kabisa katika tarafa hii. Ameandika: ‘Mtunzaji amekataa. Asema mashine ni nzima.’”

“Ilikuwa nzima,” alisema Nakijwa. “Hata kadi moja haikuwa imechoka. Nibadilishe kitu kizima kwa sababu gani? Kwa sababu kingine kinang'aa?”

“Kwa sababu ni kizima, mama.” Alisema bila dharau, na ndiyo maana ilichoma. “Mashine huhamishwa ikiwa na akili zake timamu. Ikishaanza kupotewa, utahamisha nini?”

Miaka minane Nakijwa alikuwa akiisimulia hadithi ya kumfukuza yule mhandisi wa kwanza kila penye harusi, na watu wakicheka.

“Jumatano kuna kikao cha ndiva,” alisema hatimaye. “Sahihi utaipata hapo, au hutaipata.”

*

Siku mbili alijifungia na Msikizi, akiuliza agano moja baada ya jingine. Baragumu lilisikika katika manne. Hayo aliyatenga. Lakini vipi lile la Jumamosi jioni, lisilotaja baragumu wala jembe? Vipi lile la mjane wa juu, ambalo mashahidi wake wote walikwisha kufa? Kufikia agano la mia na themanini alikuwa amekwisha kujua kwamba anachota maji kwa kikapu.

Mwisho aliuliza agano alilolishuhudia kwa masikio yake. Miaka kumi na minane nyuma, Mzee Yosia Mgonja, babake Elisante, akiwa ameshikiliwa kwapani kwa udhaifu wa maradhi, alisimama ukingoni mwa ndiva na kumpa Sikudhani Shekiondo nusu ya maji ya zamu yake ya pili, ya Jumanne. Sikudhani alikuwa mgeni, mwanamke wa Kisambaa aliyepanda mlima na watoto wawili baada ya nyika kukauka. Naye ndiye aliyemwogesha na kumlisha yule mzee katika mwaka wake wa mwisho, wakati wanawe walipokuwa na shughuli.

“Mzee Yosia alimpa Sikudhani nusu ya Jumanne,” Msikizi alisema, “kwa muda wa uhai wake.”

Nakijwa alikunja uso. Yeye alikumbuka: kwa uhai wake na wa wanawe. Alikuwa na hakika. Alikaa akiitafuta sauti ya yule mzee katika kichwa chake, na kadiri alivyoitafuta ndivyo hakika yake ilivyozidi kupungua, hata asijue tena ni nani kati yao wawili, yeye au sanduku, aliyeanza kuharibika.

Sikudhani mwenyewe alimkuta katika hali hiyo. Alikuwa ametoka kupalilia. Aliegemeza jembe mlangoni, akaketi juu ya ndoo iliyofudikizwa.

“Dada, nasikia kijana wa mkoa kaleta karatasi, nawe unaizunguka kama kuku mwenye kideri.”

Nakijwa alimweleza yote. Alikuwa mtu wa kwanza kuelezwa. Kadi, baragumu, tangawizi ya Elisante, hati.

Sikudhani alisikiliza bila kumkatiza. Kisha akasema, “Tia sahihi.”

“Nitakuwa nimesema uongo.”

“Mmoja. Wenye mistari minne.”

“Na Elisante? Asubuhi ya Alhamisi itakuwa imemtoka moja kwa moja, yeye na mwanawe. Na sijui ni wangapi wengine walioibiwa wasijijue.”

“Elisante mtamtafutia njia. Msuya si mnyama, anaweza kuzungumzika. Lakini mimi ukinitoa kwenye hilo sanduku, nitakwenda kuzungumza na nani?” Alinyoosha mkono wake mkavu kuelekea mashine. “Huyo ndiye pekee hapa Ivuga ambaye hajawahi kuniita mtu wa kuja.”

“Wapo mashahidi. Nilikuwapo. Elisante mwenyewe alikuwapo, ndiye aliyemshika babake kwapa. Nikisema kweli, wenye kutoa watasimama waandikishe upya. Watu hawa wanajivunia kauli zao.”

Sikudhani alicheka, kicheko kifupi cha puani. “Wanajivunia, kwa sababu zipo mahali ambapo haziwezi kukanwa. Dada, ninyi mliolelewa na misheni mna jambo moja. Mnapenda mikono yenu iwe safi, hata kama ni kwa maji ya kunywa ya mtu mwingine.”

“Usiniambie hivyo.”

“Nimekwisha kukuambia.” Aliinuka, akachukua jembe. “Kesho nitakuja kikaoni. Nitakaa nyuma. Usinitazame utakapokuwa ukisema.”

*

Jumatano saa tisa alasiri watu walijaa ukingoni mwa ndiva. Maji yalikuwa chini, rangi ya chai ya maziwa. Mwenyekiti Eliakimu Msuya alifungua kikao kwa sala ndefu kupita kiasi, kisha Mhandisi Seuri akasoma masharti, kisha wakamgeukia Nakijwa, na wengi walikuwa wakitabasamu, maana hawakujua kwamba kuna jambo. Kalamu ilikuwa juu ya meza.

Alisema akiwa amesimama wima, kama alivyofundishwa kusimama mbele ya mwalimu. Hakujipamba wala hakujitetea. Alisema alichokitwaa Hembua, alivyokipachika, na alivyokificha. Alisema agano la Alhamisi halikuwa la Ivuga. Alisema hawezi kutia sahihi.

Kelele ikapanda yote kwa mpigo.

“Miaka miwili!” Elisante alikuwa amesimama. “Miaka miwili nimeonekana mjinga!”

“Mimi nilidhani marehemu baba alinificha jambo,” mwenyekiti alisema, akijifuta shingo. “Mungu anajua. Maji yalikuja, nikayapokea. Nani angeyakataa?”

“Wewe ndiye ungeyakataa, mwenyekiti!” Elisante alimkatiza. “Shamba lako lilikuwa na kijani hata mbuzi wakalewa!”

Wengine walicheka, wengine walikuwa wakilia. Mwanamke mmoja aliuliza kwa sauti kama ina maana kuanzia mwezi ujao hana zamu, na hakuna aliyemjibu, akauliza tena.

Seuri alinyoosha mikono. “Wazee wangu, mama zangu. Bado kuna njia. Kumbukumbu ya mashine haifai, sawa. Lakini ninyi mpo. Nimekuja na karatasi za kutosha. Aliyetoa maji, au mrithi wake, asimame atamke tena kauli ile, aweke kidole. Dakika mbili kila mmoja. Kabla ya jua kuchwa maagano yote mia tatu yatakuwa kwa Karani.”

Nakijwa alivuta pumzi. Hicho ndicho alichokingoja. Aliwatazama majirani zake, watu aliowajua tangu walipokuwa wakinyonya, watu waliokatana salamu kwa tusi la kuombwa karatasi.

Walikuwa wakitazama chini.

Wa kwanza alisimama mzee mmoja, akamwandikia mdogo wake. Kisha dada na dada. Kisha baba na mkwewe. Halafu pakawa na pengo. Mtu mmoja alikumbuka kwamba ana ng'ombe malishoni. Mwingine akasema jambo kama hili halifanywi kwa haraka, aachwe akashauriane na nyumba. Mwingine akasema yeye agano la babake analijua, ila halikuwa la maji, lilikuwa la kuazimana tu. Mashahidi walipotajwa walisema walisimama mbali. Watu ambao siku zote waliweza kutaja mahari ya bibi yake bibi sasa hawakukumbuka mwaka jana.

Nakijwa aliona ni lazima aseme. “Elisante Mgonja,” aliita. “Haki yako umeipata leo mbele ya watu wote. Sasa simama. Babako alimpa Sikudhani nusu ya Jumanne. Alisema hapa, na mimi nilikuwa pale penye jiwe.”

Elisante alisimama polepole. Hakuwa na furaha usoni. Alikuwa na sura ya mtu anayehesabu.

“Shangazi, nakuheshimu,” alisema. “Lakini si wewe uliyetuambia sasa hivi kwamba kumbukumbu ikishachanganywa haiaminiki?”

“Nilisema ya mashine. Mimi si mashine.”

“Umekaa nayo miaka thelathini na mitatu,” mtu mmoja alisema kutoka nyuma, na kicheko kikavuma mpaka upande wa pili wa maji.

“Ulimshika babako kwapa, Elisante. Mkono wa kulia. Ulikuwa umevaa shati la shule.”

“Sikumbuki.”

“Unakumbuka.”

“Nina nusu ekari iliyokufa kwa ajili ya kadi yako!” Sauti yake ilipasuka. “Sina mbegu. Sina msimu. Jumanne nzima ndiyo itakayonisimamisha tena, na wewe unaniambia niigawe, wewe! Lete shahidi mwingine. Asiyeficha vitu.”

Mwenyekiti aligonga meza. Alisema kwamba, kwa masikitiko, ushahidi wa mtunzaji hauwezi kupokelewa, kwa kuwa ameungama mwenyewe kuficha jambo la ndiva kwa miaka miwili. Aliuliza kama kuna mwingine aliyekuwapo siku hiyo. Walikuwapo watano kati ya wale waliokaa pale. Nakijwa aliwatazama mmoja mmoja. Wa mwisho alikuwa akijitoa mwiba unyayoni, kwa bidii kubwa, na mwiba haukuwapo.

Hadi jua linakuchwa, karatasi zilizowekwa vidole zilikuwa sitini na moja. Karibu zote zilikuwa za ndugu kwa ndugu. Wajane, wakwe waliofiwa na waume, na watu wa kuja hawakupata hata moja.

Nakijwa alikumbuka kwamba ameombwa asimtazame Sikudhani. Alimtazama. Yule mama alikuwa ameinuka. Alijifunga kanga yake vizuri, akakunguta majani, akaondoka kama mtu aliyetoka kusikiliza tangazo lisilomhusu.

*

Karani aliwashwa siku ya kwanza ya mwezi. Alikuwa mwepesi, hakukosea hata dakika. Mkoa ulimwachia Nakijwa kazi yake, kwa kuwa hapakuwa na mwingine aliyejua milango, na kwa kuwa ukweli wake ulikuwa umewarahisishia mambo. Msikizi alizimwa. Seuri alimwuliza kama angependa abaki na sanduku kwa kumbukumbu, naye akasema hapana, akasaidia kulipakia gutani kwa mikono yake.

Jumanne ya kwanza alisimama penye ndiva tangu saa kumi na mbili. Mlango wa nyumba ya Mgonja ulifunguka wote, nusu zote mbili, na maji yakashuka kwa Elisante. Ilikuwa kweli, na ilikuwa halali, na alikuwa ameifanya yeye.

Kisha alichukua ndoo mbili, akachota kisimani kwake, akapanda nazo hadi shamba la Sikudhani. Alifika amelowa miguu. Miche ya nyanya ilikuwa bado imesimama, lakini majani yake ya chini yalikuwa yameanza kujikunja. Sikudhani alikuwa ameinama akiweka nyasi kavu kwenye mashina ili unyevu usitoroke.

“Weka hapo,” alisema bila kuinuka.

Nakijwa aliziweka. Walinyunyiza pamoja, kopo kwa kopo, mpaka ndoo zikaisha. Safu moja ililowa. Zilibaki safu kumi na nne.

“Ulisema kweli,” alisema Sikudhani. “Watu wote wameona. Kesho utaleta tena?”

“Nitaleta.”

“Na keshokutwa?”

“Na keshokutwa. Na si hilo tu. Mimi nina saa mbili za Ijumaa, nilizopewa na mkoa kwa ajili ya utunzaji. Ni moja ya yale sita yaliyoandikwa, hakuna wa kuyagusa. Nakupa. Nimekuja kukuambia hivyo. Saa zote mbili, wewe na wanao.”

Sikudhani alinyoosha mgongo. Alimtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu kikao, muda mrefu, bila chuki. Nakijwa angelipendelea chuki.

“Andika,” alisema.

Damu ilimpanda Nakijwa usoni kabla hajaweza kuizuia. Miaka sitini na mmoja aliyoishi Ivuga, hakuna mtu aliyepata kumwambia neno hilo. Alipapasa mfuko wa gauni, akatoa daftari la mashine na kalamu, akaketi chini juu ya tuta, akaandika. Aliandika kwa herufi za kusimama, safi, kama alivyofundishwa: jina lake, jina la Sikudhani, siku, saa, na wana. Akaweka sahihi, kisha akapaka kidole wino akakibandika. Alichana ukurasa.

“Nikusomee?”

“Hapana,” alisema Sikudhani.

Aliipokea karatasi kwa mikono miwili, akaigeuza huku na huku, kwa kuwa hakujua kusoma, akaikunja na kuitia kifuani. Kisha akanawa matope ya mikononi, akateremka njia ya zahanati, akaenda kumtafuta mtu mwingine wa kumsomea.